Uwanja wa Umma Hunyakuliwaje, na Wenyeji Huulindaje?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka huu nimejifunza kwamba kuna nyufa zisizoonekana ukutani. Ziko ndani ya faili, katika kabati la ofisi fulani, na wenye mji hawana habari mpaka siku wanapoamka na kukuta ukuta wa mtu mwingine umesimama mlangoni pao. Katika makala haya nitaeleza jinsi uwanja wa umma unavyonyakuliwa, na jinsi wenyeji wa sehemu mbalimbali za nchi yetu walivyoulinda. Siyaandiki kwa sababu nimeyasoma vitabuni tu. Yametufika.

Wenzangu wa kutwa mnaotoka upande wa chini wa mji wetu wa Migori, ule uwanja mnaujua. Ukubwa wake ni kama viwanja viwili vya kandanda. Upande wa juu kuna miembe mitatu na ule mti mkubwa tunaouita siala kwa Kijaluo. Upande wa chini kuna kijito. Asubuhi tunaukata tukija shuleni, viatu mkononi kama kuna umande. Mchana akina mama huanika mahindi na nguo. Jioni vijana hucheza mpira, na Jumapili kuna kanisa lisilo na jengo ambalo husali chini ya miembe. Hakuna aliyewahi kuuliza uwanja ni wa nani. Ulikuwa wetu kama vile hewa ilivyo yetu.

Jumanne moja muhula wa pili tulipita tukakuta nguzo za mbao zimesimikwa pande zote na mawe ya mpaka yamepakwa chokaa. Tulipigwa na butwaa. Mwendesha bodaboda mmoja akatucheka.

"Kwani hamjui? Hii imeuzwa bana. Inajengwa mafleti, orofa nne."

"Imeuzwa na nani?" nikamuuliza.

"Sasa mimi nitajuaje? Wenye pesa wanajuana."

Jumamosi iliyofuata mzee wa mtaa aliita mkutano chini ya mwembe. Watu walifurika. Mzee alinitazama na sare yangu, maana nilikuwa natoka masomo ya ziada, akaniambia, "Nyathina, wewe una mwandiko. Kaa hapa uandike yanayosemwa." Ndivyo nilivyojikuta karani wa mkutano nikiwa na miaka kumi na sita.

Vijana walikuwa na hasira. Walitaka nguzo zing'olewe papo hapo na kuchomwa. Hapo akasimama mzee mmoja mstaafu ambaye zamani alifanya kazi ya ukarani. Akaomba kimya. Kijana mmoja akamwambia, "Jaduong', wakati wa kuongea umeisha." Mzee hakukasirika. Alisema, "Mking'oa nguzo leo, kesho ataleta nyingine. Lakini karatasi aliyo nayo mtaing'oaje?"

Swali hilo halikunitoka akilini. Nilimfuata mzee huyo nyumbani kwake mara tatu pamoja na mwenzangu wa darasani. Haya ninayowaeleza mengi yametokana na mazungumzo yetu naye, na mengine na vitabu na magazeti ambayo mwalimu wetu wa Historia alitusaidia kuyapata.

Kwanza tuelewe jinsi unyakuzi unavyofanyika. Watu wengi hudhani mnyakuzi huja usiku na tingatinga. La hasha! Tingatinga huja mwisho. Mwanzo ni barua. Mtu mwenye jamaa au rafiki mahali panapofaa hupata barua ya kugawiwa ardhi, ambayo humwonyesha yeye kuwa mwenye haki ya kipande fulani. Kisha huja mpimaji. Kisha hati. Aghalabu yule mtu wa kwanza hajengi hata choo. Humwuzia mtu wa pili haraka haraka, na huyo huenda akamwuzia wa tatu. Wenyeji wanapozinduka, wanayemkuta uwanjani ni mnunuzi anayesema, "Mimi nimenunua kwa pesa yangu, hati hii hapa."

Huo si uzushi wangu. Mwaka 2003 serikali iliunda tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ripoti yake ilitolewa mwaka 2004, nayo ilieleza mtindo huo huo: misitu, viwanja vya shule, bustani za miji na hifadhi za barabara zilizogawiwa watu binafsi kama peremende, kisha zikauzwa kwa wengine.

Mzee wetu alitupa mfano wa upande wa pili. Likizoni mimi huenda kwa nyanya Homa Bay, na kutoka huko Bonde la Lambwe si mbali. Katika bonde hilo kuna Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita mraba 120. Ni mahali pekee nchini Kenya ambapo yule swala mkubwa aitwaye korongo bado anaishi porini. Ruma ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ina jina, ina ramani, ina mipaka iliyoandikwa na askari wa kuilinda. "Sasa linganisheni na uwanja wenu," mzee akasema. "Una jina gani? Namba yake ni ipi?" Tukatazamana. Hatukuijua. Kumbe kitu kinachotumiwa na wote bila kuandikwa popote ndicho rahisi zaidi kuibwa.

Pili, tutazame waliotutangulia katika vita hivi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Mwaka 1989 alipata habari kwamba ndani ya bustani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, palikuwa pajengwe jumba la orofa 60. Hakuanza kwa mawe. Alianza kwa barua. Aliandikia ofisi moja baada ya nyingine akiuliza kama habari hizo ni za kweli. Alitukanwa bungeni na kubezwa kwa kuwa ni mwanamke. Akaenda mahakamani, na kesi ikatupwa. Unajua kwa nini? Mahakama ilisema hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha kwamba yeye binafsi alidhurika kuliko watu wengine. Yaani mali ikiwa ya wote, hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuitetea! Hata hivyo kelele zilivuka mipaka ya nchi, wafadhili wakasita, mradi ukafifia, na mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushwa ukaondolewa.

Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya bustani ya Jeevanjee, pia Nairobi. A. M. Jeevanjee alikuwa ameitoa kwa ajili ya watu wa mji mwaka 1906. Ilipotakiwa kugeuzwa mahali pa kuegesha magari, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, na bustani ikabaki.

Lakini unaofanana zaidi na wetu ni Msitu wa Karura, kwa sababu huko pia waliotaka ardhi walitaka kujenga nyumba. Karura ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na una zaidi ya hekta 1,000. Kufikia mwaka 1998 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa kampuni za kibinafsi, na miti ilikuwa imeanza kuanguka. Profesa Maathai na wenzake waliingia msituni na miche. Mwezi Oktoba mwaka huo mashine za ujenzi ziliteketezwa. Januari 8, 1999 walifika langoni kupanda mti mmoja tu. Wakavamiwa na wanaume wenye silaha, na yeye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi aliweka sahihi kwenye taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Siku zilizofuata wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Agosti 1999 Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2009 wakazi wakaunda chama cha Friends of Karura ili waulinde msitu kwa kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya. Leo watu huenda huko kutembea na kuendesha baiskeli. Profesa mwenyewe alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Mfano wa mwisho unatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja. Januari 19, 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Langata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walitoka na matawi na mabango, wakiwa na sare kama yangu na yako. Polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Picha zake zilienea duniani kote. Serikali ikaingilia kati, afisa aliyesimamia polisi siku ile akasimamishwa kazi, na uwanja ukarudishwa. Baada ya hapo nchi nzima ikaanza kuuliza: je, shule ngapi hazina hatimiliki?

Tatu, sheria inasemaje sasa? Hapa ndipo nilipofurahi, maana mambo si kama yalivyokuwa mwaka 1989. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imeeleza ardhi ya umma ni ipi na nani anaishikilia kwa niaba yetu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, hata kama hawezi kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Someni tena sentensi hiyo, wenzangu. Lile lango alilofungiwa Profesa Maathai sasa liko wazi kwa kila mmoja wetu. Na kile kifungu cha 40 kinasema haki ya kumiliki mali hailindi mali iliyopatikana kwa njia haramu. Kwa hivyo mtu kusema "hati hii hapa" si mwisho wa maneno.

Nne, wenyeji wafanye nini? Nitaeleza kama tulivyofanya sisi.

Hatua ya kwanza ni kujua namba ya ardhi. Wazee wawili walikwenda kufanya sachi, yaani kuuliza katika rekodi za ardhi ni jina la nani limeandikwa. Walitafuta pia ramani ya mpango wa mji. Ramani ya zamani ilionyesha mahali hapo kuwa uwanja wa wazi wa umma. Nakala yake ilisambazwa mtaani kuliko gazeti.

Hatua ya pili ni kuomba habari kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki hiyo, na sheria ya mwaka 2016 kuhusu habari inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Barua yetu niliiandika mimi, mwalimu akanisahihisha. Ofisi moja ilituzungusha njoo leo, njoo kesho. Mzee mstaafu alitufundisha jambo dogo: kila barua ipelekwe nakala mbili, na ile unayobaki nayo igongwe muhuri na tarehe. Bila muhuri, watakwambia hujawahi kuleta kitu.

Hatua ya tatu ni pingamizi. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi ni lazima atoe tangazo, na umma hupewa siku za kupinga. Mradi mkubwa wa ujenzi nao huhitaji uchunguzi wa athari za mazingira chini ya mamlaka ya NEMA, na wakazi wana haki ya kusikizwa. Siku hizo zikipita mmelala, mtalilia chooni.

Hatua ya nne ni umoja. Kifungu cha 37 kinaturuhusu kukusanyika na kuandamana, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Tuliandamana mara moja tu, kutoka uwanjani hadi barabara kuu na kurudi, tukiimba. Hakuna jiwe lililorushwa. Wale vijana waliotaka kuchoma nguzo ndio waliosimama kando ya barabara kuzuia magari yasitugonge.

Sasa nitasema jambo ambalo lilinisumbua usiku. Baba yangu ni fundi wa mawe. Mafleti yale yangempa kazi ya miezi mingi, na karo yangu hutoka kwenye mwiko wake. Karatasi ya sahihi ilipofika kwetu hakuitia mkono. Alisema, "Watu wanataka nyumba. Hata sisi ni wapangaji, au umesahau?" Sikuwa na jibu. Ni kweli mji wetu unakua. Barabara ya kwenda Isebania inaleta watu kila siku, na vyumba ni ghali. Asiyeliona hilo si mkweli.

Nikamuuliza mzee mstaafu. Akanijibu kwamba nyumba zinaweza kujengwa kwenye ploti nyingi za watu binafsi ambazo zimelala vichaka, lakini uwanja ukishajengwa hakuna atakayebomoa orofa nne ili watoto wacheze. Maji yakimwagika hayazoleki. Tena akanikumbusha masika. Mvua kubwa ikinyesha, uwanja hunywa maji yanayoteremka kutoka upande wa juu kabla hayajafika kijitoni. Udongo na nyasi hunywa, bali bati na saruji havinywi tone. Yale maji yote yangeingia kwenye nyumba za chini, na nyumba ya chini kabisa ni yetu. Sisi watu wa Migori hatuhitaji kufundishwa maana ya mafuriko. Ndugu zetu wa Nyatike wanaijua kila Mto Kuja unapovunja kingo zake.

Nilimweleza baba haya yote wakati wa chakula cha jioni. Alikula kimya. Baadaye akaomba aione ile nakala ya ramani. Aliitazama kwa muda mrefu, maana yeye husoma ramani za majengo. Kisha akasema, "Mimi sijengi juu ya kitu cha wizi. Nyumba ikija kubomolewa, wa kwanza kuambiwa hajui kazi ni fundi." Akachukua kalamu akatia sahihi. Shingo upande, lakini alitia. Mpaka leo hajapata mjengo wa kumfaa kama ule, na mwezi uliopita nilirudishwa nyumbani kwa karo siku mbili. Nayaandika haya ili msidhani kutetea uwanja hakuna gharama.

Je, tumeshinda? Bado. Pingamizi letu limepokewa, na ujenzi umesimamishwa mpaka jambo lisikizwe. Nguzo zingali pale. Watu sasa hufungia mbuzi. Mawe ya mpaka vijana huyatumia kama goli. Lakini mawe ni mawe, na faili ni faili. Kila Jumatatu mzee wa mtaa na mtu mmoja zaidi hupita ofisini kuuliza limefika wapi, na mimi huandika katika daftari tarehe na jibu walilopewa. Daftari limefika ukurasa wa kumi na tisa.

Kabla sijatia kikomo, nawauliza wenzangu na walimu wetu wapenzi jambo moja. Je, uwanja wetu wa shule una hatimiliki? Nilipomwuliza mwalimu wa zamu alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akasema, "Hilo ni swali. Ngoja niulize." Wiki iliyofuata aliniita akanieleza kwamba ardhi yetu imepimwa lakini hati bado inafuatiliwa. Namshukuru kwa kunijibu ukweli. Naomba jarida la mwaka ujao lituambie imefika. Na wewe unayesoma, ukifika nyumbani leo, waulize wazazi uwanja wa mtaa wenu una namba gani. Kama hakuna anayejua, basi ufa umeuona.

Ni mimi mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu.